Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Daktari Mpya wa Mifugo Anapofika Kijijini

  Leo nataka tuzungumze juu ya mgeni ambaye vijiji vingi humpokea, lakini si vyote vinavyojua kumtumia. Mgeni huyo ni daktari mpya wa mifugo, au bwana mifugo, au bibi mifugo, ambaye ndiyo kwanza ametoka chuoni.

Kila mwaka vijana wetu humaliza masomo hayo. Wapo wanaotoka Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kule Morogoro, kilichoanzishwa mwaka 1984. Hao husoma udaktari wa mifugo kwa miaka 5. Wapo pia wanaotoka vyuo vya mifugo kama vile Tengeru na Mpwapwa, wakiwa na cheti au stashahada. Kwa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, daktari wa mifugo hana budi kusajiliwa na Baraza la Veterinari kabla ya kuanza kazi. Kwa hiyo mgeni huyu si mtu wa kubahatisha. Ana elimu, na ana sheria nyuma yake.

Sasa basi, mimi mwenyewe si daktari wa mifugo. Mimi ni ofisa ugani kutoka chuo cha kilimo, na kazi yangu ni ya kwenda kwa wakulima na kurudi chuoni. Nimewaona vijana hawa wakifika na begi na pikipiki. Wengine baada ya mwaka mmoja kijiji kizima kinawaita kwa jina. Wengine baada ya mwaka huo huo hakuna anayewapigia hata simu, na ng'ombe wanaendelea kufa. Wote wamesoma darasa moja. Tofauti inatokea katika wiki za mwanzo, na inatengenezwa na pande mbili: kijana mwenyewe, na sisi wenyeji. Kwa hiyo leo nitasema na pande zote mbili, na kila upande usikilize pia ya mwenzake.

Nianze na wewe kijana, daktari mpya.

Umefika kijijini. Umekwisha ripoti kwa mtendaji na mwenyekiti. Usikae ofisini ukingoja mgonjwa aletwe. Toka. Nenda kwenye josho, uliza linafanya kazi siku gani na nani anaweka dawa. Nenda mnadani. Nenda kwenye malambo na mito ambako ng'ombe wanakunywa. Amkia wazee kwanza, kabla ya kuangalia mifugo yao. Mzee ukimpa shikamoo yake, atakuonyesha zizi mpaka ndani.

Halafu jifunze majina. Chuoni umefundishwa majina ya magonjwa kwa lugha ya kitabu, lakini mfugaji anayo majina yake. Kwa Wamaasai, kwa mfano, ukisikia "oltikana", ujue unazungumziwa ugonjwa ambao sisi tunauita ndigana kali. Usimcheke mtu kwa jina lake la ugonjwa. Mwulize: unaanzaje, unashika ndama au wakubwa, unakuja masika au kiangazi? Utashangaa. Mara nyingi atakueleza dalili zote kama zilivyo kitabuni, na moja au mbili ambazo kitabu hakikuzitaja.

Na hili si jambo dogo. Ugonjwa wa sotoka ulioangamiza ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 ulitangazwa mwaka 2011 kuwa umetokomezwa duniani kote. Chanjo nzuri ilikuwapo, lakini chanjo haitembei yenyewe. Sehemu kama Karamoja kule Uganda, na Sudan ya Kusini, wafugaji wenyewe walichaguliwa na wenzao, wakafundishwa kuchanja, wakafika ambako gari halifiki. Elimu ya daktari na jicho la mfugaji vilifanya kazi pamoja. Vikitengana, hakuna kinachofanikiwa.

Jambo jingine: anza na kuku. Ndiyo, kuku! Kijana mwingine anaona kuku ni kazi ndogo, anataka ng'ombe. Lakini karibu kila nyumba ina kuku, na mdondo ukiingia unafagia banda zima kwa siku chache. Chanjo ya mdondo ya matone ipo, inatengenezwa hapa hapa nchini. Ni tone moja katika jicho, kwa kuku mzima, na inarudiwa kila baada ya miezi 3 hadi 4. Waeleze akina mama wazi kwamba chanjo ni kinga, haimponyi kuku ambaye amekwisha ugua. Panga siku, chanjeni kijiji kizima kwa pamoja. Ugonjwa ukipita kijiji cha jirani na kwenu kuku wakabaki, hutahitaji tena kujitambulisha. Akina mama watakutambulisha wao.

Haya, sasa tuje kwenye mgonjwa wa kwanza. Hapo ndipo mtihani ulipo, na hapo nataka sisi wafugaji tutege sikio vizuri.

Tuchukue mfano. Mzee mmoja ana ng'ombe wa maziwa, mmoja tu, na maziwa hayo ndiyo ada ya mtoto. Jumatatu ng'ombe anaacha kula. Mzee anasema, tungoje. Jumanne tezi chini ya sikio zimevimba. Mzee anakumbuka ana dawa ya njano iliyobaki mwaka jana, oksitetrasaiklini, anamdunga kwa kukisia. Jumatano anaona nafuu kidogo, au anadhani anaona. Alhamisi ng'ombe anakohoa, anahema kwa shida. Ijumaa povu linatoka puani, na ndipo daktari mpya anapigiwa simu. Anafika ni binti mdogo. Mzee anamtazama, anauliza, "Binti yangu, daktari mwenyewe yuko wapi?" Binti anajibu, "Shikamoo baba, daktari ni mimi." Anauliza kama ng'ombe amepewa dawa yoyote. Mzee anasema, "Hapana." Binti anatibu, na usiku ule ng'ombe anakufa. Asubuhi kijiji kizima kinasema: yule binti ameua ng'ombe wa mzee.

Ndugu wafugaji, nani ameua ng'ombe huyo?

Ndigana kali inaletwa na kupe, yule wa kahawia anayependa kukaa masikioni. Dalili huonekana kiasi cha siku 8 hadi 12 baada ya kupe mwenye ugonjwa kuuma. Huanza homa na kuvimba tezi: chini ya sikio na mbele ya bega. Baadaye mapafu hujaa maji, ndiyo sababu ya kukohoa na povu. Dawa inayotibu ipo, inaitwa buparvakwoni, na inafanya kazi vizuri mtu akiiwahi, wakati ng'ombe bado ana homa na tezi tu. Mapafu yakishajaa, hata profesa akija, nafasi ni ndogo. Na ile dawa ya njano haiponyi ndigana kali iliyokwisha jitokeza. Inasaidia magonjwa mengine ya kupe, kama ndigana baridi, na ndiyo maana watu wanaichanganya. Mzee alitumia siku 3 kwa dawa isiyohusika, halafu akaficha. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

Kwa hiyo, sisi wenyeji, tufanye hivi.

Kwanza, tuite mapema. Ng'ombe anayeacha kula asubuhi aitiwe mtaalamu siku hiyo hiyo. Kama una kipimajoto, na ni kitu kinachofaa kila mfugaji awe nacho, pima kwenye njia ya haja kubwa. Joto la kawaida la ng'ombe mkubwa ni kati ya nyuzi 38 na 39 na nusu. Ukiona 40 na kuendelea, na ng'ombe hakukimbizwa wala hakukaa juani, hiyo ni homa. Sema namba hiyo kwenye simu. Daktari atajua abebe dawa gani.

Pili, tuseme kweli. Kama umemdunga, sema. Kama umemnywesha dawa ya miti, sema. Kama ng'ombe alinunuliwa mnadani wiki iliyopita, sema. Chupa ya dawa usiitupe, mwonyeshe. Daktari hakuja kukuhukumu. Yeye anatafuta njia, na wewe unamzimia taa.

Tatu, tuandae mgonjwa. Afungwe, awe kivulini, yawepo maji na sabuni. Si vizuri daktari atoke mbali halafu aambiwe ng'ombe yuko malishoni, asubiri.

Nne, tusilazimishe sindano. Wapo watu ambao daktari asipodunga wanaona hajafanya kazi. Pengine dawa ni kuosha kidonda, au kubadili chakula, au kungoja. Dawa za antibayotiki zikitumiwa ovyo, vijidudu vinazizoea, na siku unapozihitaji kweli hazifanyi kazi, kwa ng'ombe wala kwa mtoto wako. Vilevile, kila chupa imeandikwa siku ambazo maziwa hayanywewi na nyama hailiwi baada ya tiba. Daktari akikwambia mwaga maziwa, inauma, najua. Lakini maziwa hayo yana dawa ndani yake. Usimpelekee jirani.

Tano, tulipe. Dawa inanunuliwa, petroli inanunuliwa. Ulizeni bei kabla ya kazi, mkubaliane, na yeye ataje wazi. Mkono mtupu haulambwi.

Na wewe daktari mpya, kwa mgonjwa kama huyo fanya hivi. Usikimbilie begi. Simama mbali kidogo umtazame ng'ombe anavyopumua, anavyosimama. Uliza maswali yako yote. Na swali la dawa usiulize kwa namna ya polisi. Usiseme, "Umemdunga?" Sema, "Baba, mmemsaidia na nini mpaka sasa?" Utapata jibu jingine kabisa. Halafu pima joto, shika tezi, angalia macho na ufizi, kagua kupe masikioni. Ukiweza, chukua damu na majimaji ya tezi kwenye kioo, upeleke maabara. Wakala wa Maabara ya Veterinari ana vituo kanda mbalimbali, kama Arusha, Mwanza, Tabora, Iringa na Mtwara.

Halafu, kabla ya kudunga, mwambie mwenye ng'ombe hali ilivyo. Kama umechelewa kuitwa, sema kwa upole: "Baba, mapafu yamekwisha shikwa. Nitajaribu, lakini anaweza asipone. Dawa ni bei hii. Uamuzi ni wako." Ukisema hivyo kabla, ng'ombe akifa mzee atahuzunika lakini hatakulaumu. Ukisema hivyo baada ya kifo, itaonekana ni kisingizio. Na ukikutana na kitu usichokijua, sema, "Sijaona hali hii, ngoja nimwulize mkubwa wangu wa kazi." Simu ipo. Kuuliza si ujinga. Mfugaji anamwogopa zaidi daktari anayejua kila kitu.

Kesho yake rudi, au piga simu. Siku ya pili ndiyo inayojenga heshima. Na ng'ombe akipona, usiondoke hivi hivi. Hapo mzee anakusikiliza kuliko siku nyingine yoyote. Zungumza naye juu ya kuogesha kwa ratiba, kila wiki pale penye ndigana nyingi. Mweleze pia kwamba ipo chanjo ya ndigana kali, ambayo mnyama huchanjwa mara moja katika maisha yake, na wafugaji wa kaskazini wameitumia kwa ndama wengi. Kuogesha kuendelee hata hivyo, kwa sababu kupe wanaleta magonjwa mengine pia.

Sasa nifike kwenye jambo gumu kuliko yote, na naomba wazee wanisikilize.

Ng'ombe amekufa ghafla. Jana alikuwa mzima, leo amelala, tumbo limevimba upesi, mwili haukakamai, na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani na nyuma. Vijana wamekwisha noa visu. Nyama ni nyingi, na hasara ni kubwa. Anafika yule kijana, miaka 25 au 26, anasema, "Msipasue. Nyama hii hailiwi." Mzee anamwambia, "Mwanangu, sisi tumekula nyama za namna hii kabla hujazaliwa."

Ndugu zangu, hiyo inaweza kuwa kimeta. Ugonjwa wa kimeta unaua watu. Ukipasua mzoga, vijidudu vikipata hewa vinajitengenezea ganda gumu, vinaingia ardhini, na vinakaa humo miaka mingi, makumi ya miaka, vikingoja ng'ombe wa mjukuu wako. Mtu aliyechuna anaweza kupata kidonda cheusi mkononi. Aliyekula anaweza kuugua tumbo vibaya na kufa. Hapo hakuna mkubwa wala mdogo. Anayesema "msipasue" ndiye anayewapenda.

Mzoga wa namna hiyo haupasuliwi, hauchunwi, hauburutwi kupita malishoni. Unachomwa, au unazikwa pale pale, katika shimo refu la kiasi cha mita 2, mbwa na fisi wasifukue. Taarifa itolewe wilayani mara moja, na waliobaki wachanjwe. Kama yuko mtu aliyekwisha shika au kula, aende zahanati siku hiyo hiyo aeleze wazi. Akiwahi, kimeta kinatibika.

Na wewe kijana, siku hiyo usitetereke. Wengine watakushawishi, wengine watakutisha, wengine watakupa kitu mkononi ili ufumbe macho. Usigombane, usitukane. Mwite mtendaji, mwite mwenyekiti, mwombe mzee mmoja anayeheshimika asimame karibu nawe. Sema, "Wazee wangu, mimi ni mtoto wenu, na kwa kuwa ni mtoto wenu siwezi kuwaacha mle sumu." Halafu kaa hapo mpaka shimo lifukiwe. Ukiondoka mapema, usiku litafukuliwa.

Mwisho, kijana, jilinde na wewe. Ng'ombe akitupa mimba, au kondo la nyuma likikwama, usiingize mkono mtupu. Ugonjwa wa kutupa mimba unampata binadamu pia, na homa yake hukaa muda mrefu. Vaa glavu, nawa kwa sabuni. Wafugaji nao wachemshe maziwa, na mimba iliyotupwa izikwe, mbwa wasipewe. Pata chanjo ya kichaa cha mbwa kabla ya kuanza kuchanja mbwa. Na mtu yeyote akiumwa na mbwa, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo, asingoje kuona mbwa anafanya nini.

Weka daftari. Andika tarehe, mwenye mnyama, dalili, dawa na matokeo. Baada ya mwaka, daftari hilo litakuonyesha ndigana inaanza mwezi gani katika kata yako. Na usikae peke yako. Tafuta mwenzako wa kata ya jirani, zungumzeni. Kazi hii ina usiku wa kuamshwa, na ina mifugo itakayokufa mikononi mwako hata ukifanya kila kitu sawasawa. Wenzako waliokutangulia yamewapata hayo hayo, na bado wako kazini.

Ndugu wafugaji, wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni hawezi kumponya mwenyeji aliyefunga mlango. Kama kijijini kwako amefika kijana mpya wa mifugo, usingoje ng'ombe augue. Wiki hii mkaribishe, mwonyeshe zizi lako, mpe namba yako ya simu, na uchukue yake. Mwulize siku ya kuchanja kuku ni lini. Tukianza hapo, siku ng'ombe akiacha kula utajua ni nani wa kumpigia, na yeye atajua njia ya kuja kwako hata usiku.